Sola Imechukua Nafasi ya Nini? Hesabu ya Hewa Ukaa kutoka Garissa hadi Lamu

Desemba 2019 Kenya ilizindua mtambo wa sola wa Garissa: megawati 55 hivi, paneli zaidi ya 200,000 zilizopangwa kwenye hekta 85, kwa mkopo wa China wa takribani dola milioni 136. Ulitarajiwa kuzalisha uniti milioni 76 za umeme kwa mwaka na kuipunguzia nchi tani 43,000 za hewa ukaa. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyorudiwa sana, na naanza nayo kwa sababu imesimama juu ya dhana moja tu. Dhana hiyo ikibadilika, tani 43,000 zinaweza kushuka hadi moja ya nane.

Gawanya mwenyewe. Tani 43,000 kwa uniti milioni 76 ni gramu 566 kwa kila uniti, yaani kila kilowati-saa, ile unayoinunua kwa tokeni au kwa LUKU. Mitambo inayochoma mafuta mazito, kama ile ya pwani ya Kenya, hutoa gramu 700 hivi kwa uniti. Kwa hiyo aliyekadiria alichukulia kwamba uniti nne kati ya kila tano zinazotoka Garissa zinazima uniti zilizokuwa zitoke kwenye mafuta. Lakini umeme wa gridi ya Kenya hautokani na mafuta kwa kiwango hicho, hata kwa mbali. Uniti tisa kati ya kumi zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Moja tu kati ya kumi ndiyo ya mafuta. Ukichukua wastani wa gridi nzima, kila uniti inabeba gramu 70 hivi, na Garissa inaokoa tani 5,300 tu kwa mwaka.

Ipi sahihi, 43,000 au 5,300? Hakuna hata moja. Kujua kwa nini ni muhimu kuliko kuikariri takwimu yoyote kati ya hizo, maana swali hilohilo ndilo linaloamua kama sekta ya sola itaibadilisha nchi kwa miaka thelathini ijayo au itaipamba tu.

Garissa huzalisha kuanzia saa moja asubuhi, hufikia kilele mchana, na hunyamaza saa kumi na mbili jioni. Wakenya wanatumia umeme mwingi kuliko saa zote kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, wakati taa, televisheni na pasi vimewaka kila nyumba. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Saa hiyo ndipo mitambo ya mafuta inapowashwa kwa wingi, na Garissa imelala. Mtu anaweza kuhitimisha hapo kwamba sola haina msaada. Anayehitimisha hivyo amesahau mabwawa. Mchana, sola ikiingia kwenye gridi, waendesha mitambo hupunguza maji yanayopita kwenye tabo za Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yasiyopita mchana yanabaki bwawani, na usiku yanafunguliwa kuziba nafasi ambayo ingezibwa na mafuta. Bwawa linakuwa betri ambayo nchi ilishailipia zamani.

Betri hiyo nayo ina misimu yake. Katika ukame wa 2021 na 2022 maji yalipungua, na kila uniti ya sola ilikuwa na thamani karibu na ile ya gramu 566. Aprili na Mei 2024 mvua ilinyesha hadi Masinga ikafurika, maji yakapita juu ya ukingo bila kuzalisha chochote. Mwezi kama huo, uniti ya sola ya mchana inaokoa maji ambayo tayari yanamwagika, na katika daftari la hewa ukaa inahesabika kuwa karibu na sifuri. Mtambo ni uleule, jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kile ambacho sola imekisukuma pembeni.

Kishapu, mkoani Shinyanga, Tanzania inaona jambo hilo kwa namna yake. Mradi wa sola wa megawati 150 ulipopangwa, huku awamu ya kwanza ikiwa ya megawati 50, zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ulikuwa unatoka kwenye gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kila uniti ya jua ilikuwa na sifa ya kuokoa gramu 400 na ushee za hewa ukaa ya gesi. Februari 2024 tabo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ikawashwa, na zikafuata nyingine hadi kutimiza tisa, jumla ya megawati 2,115. Gridi ikajaa maji ya Rufiji. Sola ya Kishapu ni nzuri kama ilivyokuwa kwenye karatasi, ila tani ilizoahidiwa kuokoa haziwezi kuwa zilezile.

Deni la paneli

Geuza paneli ya kawaida, zile kubwa zinazofungwa juu ya paa siku hizi. Mgongoni utakuta kibandiko: wati 550, volti karibu 50 ikiwa haijaunganishwa, ampea kumi na tatu hivi ikifanya kazi, uzito wa kilo 28 au pungufu kidogo, na mara nyingi maneno kwamba imetengenezwa China. Kibandiko hakisemi paneli imekuja na deni gani la kaboni. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani walikadiria kwamba kilowati moja ya paneli za China inagharimu kilo 750 hadi 810 za hewa ukaa, wakati kilowati hiyohiyo ikitengenezwa Ulaya inashuka hadi kati ya kilo 420 na 480. Sababu ni moto na umeme. Mawe ya kwatsi huchomwa kwenye tanuri la karibu nyuzi 2,000 ili kupata silikoni, kisha silikoni husafishwa na kuyeyushwa tena kwa zaidi ya nyuzi 1,400. Kazi hiyo inakula umeme mwingi mno, na zaidi ya nusu ya umeme wa China bado inatokana na makaa ya mawe. Kwa hiyo paneli yako ya wati 550 imetua bandarini Mombasa au Dar es Salaam ikiwa imeshachafua anga kwa kilo 440 hivi.

Sasa iweke kazini. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kilowati moja ya paneli hutoa uniti 1,600 hivi kwa mwaka. Ukiifunga Mandera au Wajir, ambako vituo vilivyo nje ya gridi vimekuwa vikiendeshwa kwa dizeli, kila uniti inaokoa gramu 800 hivi, na deni la kilowati hiyo, kilo 800 hivi, linalipwa kwa miezi saba au minane. Ukiifunga Johannesburg, ambako umeme ni wa makaa ya mawe na uniti moja ina uzito wa karibu kilo nzima ya hewa ukaa, deni linaisha kwa miezi sita. Ukiifunga Nairobi na kuihesabu kwa wastani wa gridi ya Kenya, itachukua miaka saba.

Miaka saba si mibaya kwa kitu kinachodumu miaka 25 na zaidi huku kikipoteza takribani nusu asilimia ya nguvu kwa mwaka. Lakini tazama jumla. Katika maisha yake kilowati hiyo itatoa uniti kama 37,500. Johannesburg itakuwa imeokoa zaidi ya tani 36 baada ya kulipa deni. Nairobi, kwa wastani wa gridi, haifiki tani mbili.

Kuna jambo la kiuhasibu hapa ambalo linawapotosha wengi. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, hewa ukaa huandikwa kwenye daftari la nchi ilikotokea. Zile kilo 800 ziko kwenye daftari la China, wala Kenya haizioni. Nchi inayoagiza paneli inaonekana safi tangu siku ya kwanza. Anga haitambui mipaka hiyo, lakini ahadi za mataifa zinaitambua, kwa hiyo yeyote anayetaja upungufu wa tani kutokana na sola inampasa aseme kwanza anasoma daftari la nani.

Wati 20 dhidi ya megawati 55

Ziko sehemu ambazo sola haina haja ya kubishaniwa. Kibatari, au koroboi, ni kopo la bati, utambi wa pamba, na mafuta ya taa. Anayekijua anajua pia doa jeusi linalokua ukutani juu yake, na kamasi nyeusi za watoto asubuhi. Nyumba inayotumia lita nne kwa mwezi inachoma lita 48 kwa mwaka, na kila lita inatoa kilo mbili na nusu za hewa ukaa. Hiyo ni kilo 120. Paneli ya wati 20 inayotosha taa tatu na kuchaji simu ina deni la kilo 16 kwa kipimo kile cha Fraunhofer, ukiacha betri. Deni linaisha kabla ya miezi miwili. Nyumba milioni moja zikifanya hivyo, zinaokoa tani 120,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ahadi ya Garissa nzima, kwa paneli ambazo jumla yake ni megawati 20 tu.

Na hiyo ni hesabu ya hewa ukaa peke yake. Mwaka 2012 mtafiti Nicholas Lam na wenzake walipima moshi wa taa za utambi na kukuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa hugeuka kuwa masizi meusi. Kilo moja ya masizi hayo, kwa mujibu wa utafiti huo, inapasha dunia joto katika wiki chache kiasi kile ambacho kilo 700 za hewa ukaa zingefanya kwa miaka mia. Nyumba yetu ya lita 48 inachoma kilo 38 za mafuta na kutoa kilo tatu za masizi. Zidisha kwa 700, unapata zaidi ya tani mbili, mara 17 ya zile kilo 120. Masizi hayakai angani muda mrefu. Mvua huyashusha baada ya siku chache, ndiyo maana hayaingii katika hesabu za kawaida za mataifa. Mimi naona ni kasoro kubwa ya hesabu hizo. Kina mama na watoto waliovuta moshi huo hawakungoja miaka mia.

Makampuni ya Kenya kama M-KOPA, iliyoanzishwa 2011, yaliifanya sola hii inunulike kwa malipo madogomadogo ya kila siku kupitia simu. Kipimo cha megawati hakioni kazi yao. Kwenye takwimu za umeme wa taifa, wati 20 juu ya bati la nyumba moja hazina hata mahali pa kuandikwa.

Giza la Afrika Kusini

Nimesema paneli ya Johannesburg inaokoa kuliko zote. Sasa niiwekee mpaka kauli hiyo, maana Afrika Kusini ndiyo nchi ya bara hili ambako sola ina kazi kubwa kuliko kwingine na ambako imeeleweka vibaya kuliko kwingine.

Shirika la umeme la Eskom lilikadiria kwamba sola za juu ya mapaa zilikuwa megawati 983 Machi 2022. Kufikia Juni 2023 zilikuwa megawati 4,412. Miezi kumi na tano tu, bila mpango mkubwa wa serikali. Watu walikuwa wamechoka: mwaka 2023 mgao wa umeme uliwakumba karibu kila siku, na wenye uwezo walikimbilia madukani kununua paneli, inveta na betri. Zidisha megawati hizo kwa uniti 1,600 kwa kila kilowati, unapata uniti bilioni saba kwa mwaka. Kwa kilo moja kwa uniti, ni tani milioni saba. Eskom peke yake hutoa karibu tani milioni 200 kwa mwaka, hivyo mapaa yale yangekuwa yamekata asilimia tatu na nusu.

Lakini katika mwaka wa mgao, mitambo ya makaa ya mawe iliyo hai inakuwa tayari inachoma kila inachoweza. Paneli ya nyumbani haiizimi. Inachukua nafasi ya giza, na kwa kiasi fulani nafasi ya dizeli inayochomwa na jenereta za dharura. Mwenye duka alipata mwanga, mgonjwa alipata oksijeni, na hayo ni mema makubwa. Makaa yaliyochomwa siku hiyo hayakupungua hata gunia. Mgao uliposimama kuanzia mwisho wa Machi 2024, kwa zaidi ya siku 300 mfululizo, ndipo paneli zilezile zilipoanza kuyapunguza makaa kweli, kwa sababu sasa kuna mtambo ambao unaweza kupunguzwa moto mchana.

Kitu kinachoisumbua Afrika Kusini kwa muda mrefu ni majina mawili: Medupi na Kusile. Kila mtambo una takribani megawati 4,800 za makaa ya mawe. Ujenzi wa Medupi ulianza 2007, wakati paneli za sola bado zilikuwa ghali mno, na mitambo ya namna hiyo hujengwa ili idumu miaka 50. Maamuzi yaliyofanyika kabla sola haijawa rahisi yatakuwa yanatoa moshi hata baada ya wengi waliosaini kuwa wamezikwa. Kenya inapaswa kuusoma ukurasa huo kwa makini, maana ilikaribia sana kuuandika wa kwake.

Moshi ambao haukuwaka

Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ulipangwa kujengwa Kwasasi, ng'ambo ya mji mkongwe wa Lamu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ungekuwa wa megawati 1,050, kwa gharama ya dola bilioni mbili hivi, na mkataba wa kuuza umeme kwa miaka 25. Chukua kwamba ungefanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake na kutoa gramu 900 kwa uniti: uniti bilioni 6.4 kwa mwaka, na tani milioni 5.8 za hewa ukaa. Kenya nzima, kwa magari, viwanda na mitambo yote inayochoma mafuta, ilikuwa ikitoa takribani tani milioni 20. Mradi mmoja ungeongeza zaidi ya robo. Ukitaka kuufidia kwa ahadi ya tani 43,000 ya Garissa, ungehitaji Garissa 135.

Juni 26, 2019, mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya iliifuta leseni ya mradi huo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Novemba mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili. Waliousimamisha ni wavuvi, wakulima, wanaharakati na wazee wa Lamu, na haitakuwa haki kuipa paneli sifa yao. Ila kuna ukweli wa pili pembeni: hoja ya kwamba nchi haina njia nyingine ilikuwa imekufa. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) linaonyesha kwamba uniti ya umeme kutoka mashamba makubwa ya sola ilishuka bei kwa asilimia 90 kati ya 2010 na 2023, hadi senti 4.4 za dola kwa wastani wa dunia. Mwaka 2010 mtetezi wa mji wa Lamu angeulizwa atawasha taa kwa kutumia nini. Mwaka 2019 swali hilo lilikuwa na jibu.

Na hitaji lenyewe lilikuwa limekuzwa. Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40. Mwaka 2025, zaidi ya miaka kumi baadaye, kilele cha matumizi kilikuwa hakijafika hata nusu ya hizo za nyongeza peke yake. Taasisi ya IEEFA ilikadiria mwaka 2019 kwamba Wakenya wangelipia Lamu zaidi ya dola bilioni tisa kwa miaka 25, kwa malipo ya uwezo tu, hata mtambo ukiwa umekaa bila kuzalisha.

Hapo ndipo ninapouona mchango mkubwa wa sola katika nchi kama Kenya. Tani inazookoa leo kwenye gridi ambayo tayari ni safi ni chache. Tani zinazohesabika ni za mitambo ambayo haitajengwa.

Pima ukubwa wake. Kenya inazalisha uniti bilioni 14 hivi kwa mwaka, sawa na uniti 250 hivi kwa kila mtu. Afrika Kusini ni zaidi ya 3,500. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia Mkenya abaki na 250. Tuseme anafika 1,000, idadi ya watu ikibaki ileile: nchi inahitaji uniti bilioni 40 za ziada. Zikitoka kwenye makaa ya mawe, ni tani milioni 36 za hewa ukaa kila mwaka, karibu mara mbili ya kila kitu ambacho nchi inachoma sasa, pamoja na tani milioni 16 za makaa ya kuagiza melini. Kwa dola 100 kwa tani, hiyo ni dola bilioni 1.6 kwa mwaka zinazoondoka nchini na kurudi zikiwa majivu.

Zikitoka kwenye jua, zinahitajika megawati 25,000 za paneli. Inasikika kama ndoto hadi ukumbuke kwamba China ilifunga megawati 277,000 mwaka 2024 peke yake. Mahitaji ya Kenya ya kizazi kizima ni kazi yao ya mwezi mmoja na siku chache. Kwa kipimo cha ardhi cha Garissa ni hekta 39,000 hivi, chini ya moja ya elfu ya eneo la nchi. China hiyohiyo, baada ya kasi hiyo yote, ndiyo kwanza imeanza kuona moshi wake ukipungua: uchambuzi wa tovuti ya Carbon Brief ulikuta kwamba hewa ukaa yake ilishuka kwa asilimia moja katika mwaka ulioishia Machi 2025, na sababu kuu ilikuwa ongezeko la umeme safi. Wakati huohuo, mwaka 2024 ilianza kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe ya megawati 94,500. Mtu akikuambia kwamba sola ikizidi makaa hujifia yenyewe, mwonyeshe takwimu hiyo.

Riba na usiku

Vikwazo viwili ndivyo vitakavyoamua, na kimoja hakizungumzwi vya kutosha. Mtambo wa sola hauna mafuta ya kununua, kwa hiyo gharama karibu yote inalipwa siku ya kwanza, kwa fedha ya kukopa. Wastani wa dunia wa kujenga shamba kubwa la sola mwaka 2024 ulikuwa chini kidogo ya dola 700 kwa kilowati. Ikope kwa riba ya asilimia 4, uilipe kwa miaka 25: kila uniti inakugharimu senti 2.8 za dola. Ikope kwa asilimia 12: senti 5.6. Paneli ni ileile, fundi ni yuleyule, na bei imekuwa maradufu. Ujerumani inakopa kwa riba ya kwanza au chini yake. Nchi zetu mara nyingi zinakopa karibu na ya pili, na jua letu ni kali kuliko lao. Makaa ya mawe hayaumizwi na riba kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake ni mafuta yanayolipwa polepole mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo riba kubwa inamsukuma waziri wa nishati kuelekea kwenye moshi hata kama moyo wake hautaki. Nchi tajiri zikileta semina za tabianchi Nairobi na Dodoma, ningependa zilete mikopo ya asilimia 4 kwanza.

Kikwazo cha pili ni ile saa mbili usiku. Ikiwa nusu ya zile uniti bilioni 40 zitatumika baada ya jua kuzama, kila siku uniti milioni 55 lazima zihifadhiwe. Mabwawa ya Tana hayawezi peke yake. Betri za lithiamu zilikuwa na bei ya wastani ya dola 115 kwa uniti moja ya hifadhi mwaka 2024 kwa hesabu ya kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, pungufu kwa asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Kwa bei hiyo, betri zenyewe ni dola bilioni 6.3, kabla ya nyaya, majengo na mafundi, na zitahitaji kubadilishwa angalau mara moja kabla paneli hazijachoka. Ni fedha nyingi. Ni pia chini ya miaka minne ya kuagiza makaa yale ya dola bilioni 1.6.

Mtambo wa sola usio na hifadhi, katika gridi yenye mvuke mwingi kama ya Kenya, utafika mahali ukaanza kusukumana na Olkaria mchana huku mafuta yakiendelea kuchomwa usiku. Nchi itakuwa imenunua paneli nyingi, imepiga picha nyingi za uzinduzi, na daftari la hewa ukaa halijasogea. Ndiyo maana naamini kwamba kuanzia sasa megawati za sola zinazoingia kwenye gridi bila betri au bila bwawa la kushirikiana nalo zisipewe sifa ya tani wala mikopo ya tabianchi kwa kipimo kile cha Garissa.

Ukikuta tangazo la mradi mpya wa sola lenye tani zilizoandikwa kwa wino mzito, uliza mambo mawili. Uniti hizo ni za saa ngapi, na mtambo upi utazimwa zikiingia? Ukijibiwa kwamba hakuna utakaozimwa, uliza ni upi hautajengwa, na hilo limeandikwa kwenye mkataba gani.